Nataka kuwa komando, nipo Pemba: nianzie wapi, na huu muundi unaouma?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 20, naishi Micheweni. Nimemaliza kidato cha nne, nikapata daraja la tatu. Tangu niwaone makomando wa JWTZ kwenye sherehe za Mapinduzi sina ndoto nyengine. Kila alfajiri nakimbia kilomita 12 na buti, nimebeba begi la mchanga la kilo 25. Mimi mwenyewe nina kilo 61. Jioni nakwenda baharini kujizoesha kukaa chini ya maji. Nikihema kwa nguvu mara thalathini kabla ya kuzama nafika dakika mbili na nusu. Wiki ya tatu sasa muundi wa mguu wa kulia unaniuma, hata usiku nikilala. Baba anasema nianze KMKM kwa sababu ni karibu na nyumbani, halafu nitahamia JWTZ. Na kuna mtu Wete anataka laki nane, anasema nafasi yangu ipo tayari. Nifanye lipi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne na yote nitayajibu, ila si kwa mpangilio wako. Naanza na bahari, maana hilo ndilo linaloweza kukuua wiki hii.

Kinachomfanya mtu aone amebanwa na pumzi si kupungua kwa oksijeni. Ni kujaa kwa hewa ya ukaa ndani ya damu. Ubongo huifuatilia hewa hiyo, na ikizidi kiasi hukulazimisha upande juu uvute pumzi. Sasa wewe unapohema kwa nguvu mara thalathini, oksijeni huiongezi kwa kiasi cha maana, kwa sababu damu ya kijana mwenye afya tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100. Unachokifanya ni kuifukuza hewa ya ukaa. Ukishuka, lile onyo la kukurudisha juu linachelewa, na huku misuli inaendelea kula oksijeni. Inafika pahala ubongo unazima kabla onyo halijaja. Huumwi, hubanwi, wengine huona hata raha. Mita chache za mwisho wakati wa kupanda ndizo mbaya zaidi: mgandamizo wa maji unapungua, mapafu yanatanuka, na oksijeni iliyobaki inashuka kwa ghafla. Ndiyo maana wanaokufa hivi mara nyingi ni waogeleaji hodari, na wenzao husimulia kwamba hawakumwona hata akitapatapa.

Kwa hiyo ile dakika mbili na nusu si kipimo cha ushujaa wala cha mapafu. Ni kipimo cha muda uliofanikiwa kuunyamazisha mwili wako. Wapiga mbizi wa kijeshi hufundishwa kuzuia pumzi wakiwa na walimu na waokoaji pembeni yao, na hilo utafundishwa wakati wake ukifika. Hakuna atakayekupokea jeshini kwa sababu ya namba uliyoipata peke yako jioni. Acha kuhema kwa nguvu kabla ya kuzama, uache leo. Kama unapiga mbizi kwa kutafuta pweza au samaki, vuta pumzi moja ya kawaida, muwe wawili, mmoja chini na mwengine juu akimtazama, wala msizame pamoja. Ukipanda, pumzika juu mara mbili ya muda uliokaa chini. Mwenzako akizimia, mtoe kichwa juu ya maji kwanza. Kama hapumui, mpulizie mdomoni mara tano, kisha akishafika pahala pagumu msukume kifua mara 30 kwa pumzi mbili, uendelee hivyo hivyo, na apelekwe hospitali hata akizinduka na kusema hajambo.

Muundi nao una sababu inayoeleweka. Mfupa ni kitu hai. Ukiupa mzigo mpya, mwili kwanza huyachimba na kuyaondoa yale mapande yaliyochoka, ndipo hujenga mapya yaliyo imara zaidi. Kati ya kuchimba na kujenga kuna wiki kadhaa ambazo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Moyo na misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache. Mfupa unahitaji miezi. Hapo ndipo vijana wenye bidii wanapoumia: pumzi inaruhusu, mapaja yanaruhusu, mfupa bado. Wewe unabeba asilimia 41 ya uzito wako, unakimbia nao, kila siku, bila siku ya mapumziko. Hata askari waliokwisha fuzu hutembea na shanta nzito, na mbio za mzigo huzifanya kwa nadra sana.

Kuna maumivu ya muundi ya aina mbili unayopaswa kuyatofautisha. Ya kwanza huenea kando ya mfupa, upande wa ndani, kwa urefu wa vidole vitatu au zaidi. Huuma ukianza kukimbia na hutulia ukipumzika. Hayo hupona kwa kupunguza mbio wiki mbili hadi nne. Ya pili yapo pahala pamoja, unaweza kupagusa kwa ncha ya kidole kimoja ukaruka, na huuma usiku. Hayo ni dalili ya ufa wa mfupa. Wewe umesema yanakuuma hata usiku ukilala, kwa hiyo mimi nakuchukulia kuwa ni ya aina ya pili mpaka dakta aseme vyengine. Usijipime kwa kurukaruka na mguu huo. Ufa mdogo unaweza kuwa mvunjiko kamili. Nenda hospitali ya Wete au Chake Chake, mwambie dakta hasa ulichoniandikia, kilo na kilomita. Ujue pia kwamba eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Ikitoka safi na maumivu yapo, si ruhusa ya kukimbia; mguu upumzishwe na picha irudiwe. Ukiwa ni ufa wa muundi, hesabu wiki sita hadi nane bila kukimbia. Nafahamu zinaonekana nyingi kwa mtu anayesubiri tangazo. Ukiulazimisha utasubiri nusu mwaka, na daktari wa jeshi ataukuta mguu siku ya kupimwa afya.

Sasa njia yenyewe. Ukomando wa JWTZ hauna mlango wa mtu anayetoka mtaani. Unaingia jeshi kama askari, unapita mafunzo ya awali ya kijeshi, unapangiwa kikosi, unatumikia, unajulikana tabia yako na kazi yako, ndipo unaweza kuingia katika mchujo wa kozi hizo. Hivyo ndivyo majeshi mengi yanavyofanya, na sababu si urasimu. Mtu atakayetumwa mbali na wenzake wachache, bila afisa wa kumsimamia kila saa, lazima kwanza awe amethibitika hadanganyi ripoti, hapotezi silaha na hachoki kutii.

Na kuingia JWTZ, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa na masharti yanayofanana: uwe raia wa Tanzania mwenye kitambulisho cha NIDA, hujaoa, hujawahi kutiwa hatiani, una cheti halisi cha kuzaliwa na vyeti vya skuli, na umehitimu mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ukatunukiwa cheti. Kikomo cha umri kwa wa kidato cha nne na cha sita kimekuwa miaka 24 au karibu na hapo. Halafu lipo sharti ambalo familia nyingi za huku visiwani hulipita bila kulisoma: mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo wala KMKM. Umeona tatizo la ushauri wa baba? Ametoa kwa mapenzi, lakini KMKM si ngazi ya kupandia JWTZ. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. JWTZ ni jeshi la Muungano. Hakuna uhamisho baina yao, na ukivaa sare ya kwanza unaweza kuwa umejifungia ya pili. Mwonyeshe baba sharti hilo lilivyoandikwa kwenye tangazo, kwa heshima. Akiliona kwa macho yake hutahitaji kubishana naye.

Hilo halina maana KMKM ni kazi ndogo. Kama ukichunguza moyo wako ukakuta kinachokuvuta ni bahari, boti na uokozi, basi KMKM ni kazi kamili, ya karibu na kwenu, na kisiwa hiki kinajua thamani ya waokoaji tangu MV Spice Islander ilipozama ikija Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Kumbuka tu kwamba JWTZ nayo ina Kamandi ya Wanamaji. Ichague KMKM kwa ajili yake yenyewe, au usiichague.

Kwako hatua ya kwanza ni JKT kwa kujitolea. Nafasi hutangazwa, na maombi hupitia ofisi za mkoa na wilaya, kwa hiyo jenga mazoea ya kupita kwenye ubao wa matangazo wa wilaya na kuongea na sheha wako mapema. Mkataba wa kujitolea ni wa miaka miwili. JKT lenyewe husema wazi kwamba halitoi ajira kwa wahitimu; linatoa mafunzo na stadi. Una miaka 20. Ukitoka JKT ukiwa na 22 au 23 bado umo ndani ya umri, lakini hakuna mwaka wa kupoteza, na ndoa isubiri.

Laki nane usitoe. Kuandikishwa jeshini hakuna malipo, na jeshi limeonya mara nyingi kuhusu matapeli. Biashara yao inakwenda hivi: mtu anachukua fedha kwa vijana kumi, hafanyi lolote, anasubiri. Wawili wakipita kwa uwezo wao, anasema ni yeye aliyewapitisha, na hao wawili wanakuwa mashahidi wake mtaani. Wengine huambiwa wasubiri awamu ijayo. Isitoshe, anayetoa rushwa naye ana hatia kisheria, na hatia ni miongoni mwa vitu vinavyokutoa kwenye orodha. Una haki ya kumripoti kwa mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi hapa Zanzibar. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo itakutosha kwa vipimo vya afya, raba nzuri za kukimbilia na nauli za kufuatilia vyeti.

Vyeti navyo, vitazame leo kabla ya tangazo. Vijana wengi wa Zanzibar wanakwama kwenye tahajia: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli Hamis, NIDA inasema Hamisi, au Ali huku na Ally kule, au jina la babu limeachwa. Vitandaze vyote mezani, pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari, ulinganishe herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa. Kasoro ikiwepo, anzia kwa sheha, kisha ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya. Marekebisho haya huchukua wiki au miezi, na dirisha la maombi hufungwa ndani ya siku chache.

Niseme jambo moja kuhusu yale uliyoyaona uwanjani. Kuvunja matofali na kupita kwenye moto ni maonyesho, na yana nafasi yake. Kazi yenyewe haifanani nayo. Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kongo mwaka 2013, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake tatu na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilikuwa na kombania ya vikosi maalum na upelelezi. Upelelezi ni kulala pahala pamoja siku mbili bila kuonekana, kuhesabu magari, kusoma ramani gizani, kutuma taarifa fupi isiyo na chumvi, kumfunga mwenzako jeraha. Machi 2008 majeshi yetu yalishuka Anjouan kule Comoro. Operesheni kama hiyo inaendeshwa na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji na mpangilio wa boti kabla ya kuendeshwa na misuli. Kwa hiyo wiki hizi ambazo mguu umepumzika si za kupotea. Soma huduma ya kwanza. Jifunze dira na ramani, na upime hatua zako: hesabu kila unapokanyaga kwa mguu wa kushoto kwa mita 100, utapata kati ya 60 na 70, halafu uone zinavyoongezeka kwenye mchanga na kwenye miinuko. Rudia hesabu na Kiingereza.

Na uwezekano ni upi? Askari wengi hawawi makomando, na wanaoingia mchujo wengi hutoka, zaidi kwa majeraha na kwa kukata tamaa usiku wa tatu bila usingizi kuliko kwa udhaifu wa mwili. Jiulize kwa ukweli: nikiishia kuwa dereva wa jeshi au fundi wa mawasiliano, nitaona nimefika au nimeshindwa? Kama jibu ni kushindwa, zungumza na wazee wako kabla hujajaza fomu.

Dakta akikuruhusu kukimbia, anza upya kana kwamba hujawahi. Wiki ya kwanza tembea dakika nne, kimbia moja, mara sita, siku tatu tu kwa wiki, kwa raba na kwenye udongo au mchanga mgumu wa maji kupwa. Ongeza dakika za mbio polepole mpaka ufikishe nusu saa bila kusimama na bila maumivu asubuhi ya pili. Mzigo uje mwezi wa tatu tangu uanze upya, si kabla: kilo 9, ambayo ni asilimia 15 ya uzito wako, kutembea kilomita 5 kwa dakika 50, mara moja kwa wiki. Kila wiki tatu ongeza kilo 2 au kilomita 2, kimoja tu, usiongeze vyote pamoja. Kilo 20 zikutoshe. Huna haja ya zaidi ukiwa raia. Mchanga uufunge usichezecheze, ukae juu karibu na mabega, na mikanda isikate kwapani, maana mishipa ya fahamu ikibanwa hapo mkono hufa ganzi. Buti zivae kwa kutembea tu mpaka zilainike.

Kama unataka namba ya kujipima, Jeshi la Majini la Marekani hutangaza viwango vya chini vya anayeomba kikosi chake cha SEAL: kuogelea yadi 500, yaani kama mita 457, kwa dakika 12 na sekunde 30, pushapu 50 ndani ya dakika mbili, kuinua kiwiliwili kutoka chali mara 50 ndani ya dakika mbili, kujivuta kwenye chuma mara 10, na kukimbia kilomita 2.4 kwa dakika 10 na nusu. Yote kwa mfululizo, na mapumziko mafupi tu katikati. Si viwango vya JWTZ, lakini mwili unaoweza hivyo hauaibiki popote. Kuogelea kwako kuwe kwa mfululizo juu ya maji, ndani ya mwamba, siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, mwenzako akiwa kwenye ngalawa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa Pemba haujali umezaliwa wapi.

Joto la kwetu lina unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Tarehe 13 Julai 2013 kule Wales, kwenye mchujo wa kikosi maalum cha Uingereza, askari watatu wa akiba walipata kiharusi cha joto kwenye matembezi ya mzigo, wote wakafariki, na Wales ni nchi ya baridi kuliko hapa. Fanya mazoezi alfajiri. Ramadhani fanya mepesi saa moja kabla ya futari, au baada ya tarawehe. Kunywa kwa kiu; kujilazimisha lita nyingi za maji matupu hushusha chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Mwenzako akianza kupepesuka na kuongea ovyo kwenye joto, mvue nguo, mmwagie maji au mtumbukize kwenye pipa hapo hapo mlipo. Mpoze kwanza, gari baadaye.

Ukiwa hospitali kwa ajili ya mguu, omba vipimo viwili zaidi. Kipimo cha selimundu: watu wengi wa pwani wamebeba chembe moja ya urithi ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja, bila kuumwa maisha yao yote, lakini kwenye mazoezi makali na joto, misuli ya mtu huyo inaweza kuharibika ghafla. Ukikutwa nayo, dakta atakueleza namna ya kupanda polepole, na ujue kwamba mapaja yakilegea na kuuma kwa pamoja unasimama pale pale. Cha pili ni mkojo, kwa ajili ya kichocho, ambacho bado kipo Pemba. Kama uliwahi kuona damu mwisho wa haja ndogo na ukanyamaza, sema. Dawa yake, praziquantel, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, ambayo kwako ni vidonge vinne vya miligramu 600, na utapewa na dakta baada ya kupimwa. Masikio pia yatazamwe, kwa kuwa unapiga mbizi. Ngoma ya sikio iliyotoboka hugunduliwa kwa dakika moja.

Na mkojo ukitoka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, baada ya mazoezi makali, huku misuli imevimba na kuuma, usingoje asubuhi. Hiyo ni misuli iliyovunjika inayoziba figo. Nenda hospitali usiku huo huo, uwaambie umefanya mazoezi gani na kwa muda gani.